Chokoleti Chungu na Mtungi wa Maji

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kama ulimi wangu ulivyo mzito mbele za watu. Lakini iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki hata sasa.

Ilikuwa miaka ya themanini, huku kwetu Mukuyuni. Nilikuwa bibi arusi wa juzi tu. Mume wangu Mutua alikuwa mhudumu wa hoteli Mombasa, na nyumbani alikuja mara chache. Jioni hiyo alifika, akafunga mlango wa jikoni, akatoa mfukoni chupa ya divai nyekundu na chokoleti nyeusi. Nilishtuka nikaacha sufuria ikaungua. Divai, kwangu mimi, ilikuwa kitu cha meza ya Bwana, unapokea ukiwa umeinamisha kichwa. Sasa mume wangu anaimimina kwenye kikombe cha chai huku akitabasamu.

"Umeitoa kanisani?" nikauliza.

"Kanisa gani lina chokoleti?" akacheka. "Hii ni afya. Wageni wa hoteli hukaa mtu na mkewe, wanakunywa kidogo, wanakula kidogo. Wanasema inasaidia moyo. Si uliniandikia moyo unakupiga sana?"

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwanangu, na akisema neno moja tu tungetengwa, nami ningerudishwa kwetu kama mwanamke aliyemfundisha mtoto wa watu pombe. 

Alinusa kikombe. Akamega chokoleti, akatafuna, uso ukakunjamana.

"Mutua, hii ni dawa ya minyoo?"

"Ni ya moyo, mwaitu," akamjibu mama yake. "Nimemletea mke wangu."

Mama akaitwaa chupa. Mimi nilingoja radi.

"Moyo wake unapiga kwa sababu ya mto," akasema. "Anaamka na giza, anachimba maji kwenye mchanga wa Kaiti, anapanda kile kilima na mtungi mgongoni, anarudi tena. Wewe unamletea peremende." Akatoka na chupa, akaimwaga nyuma ya zizi. Aliporudi alisema, "Kanisani sitasema neno. Lakini kesho mtungi utaubeba wewe."

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Maji mwanamume alileta kwa punda au kwa baiskeli. Kuyabeba mgongoni, na mukwa, ule ukanda wetu, ukiwa umepita kwenye paji la uso, hilo halikuwa limeonekana kwetu. Asubuhi Mutua akauvaa, tukaondoka wote wawili. Mtoni wanawake wote waliacha kuchimba, wakamtazama.

"Mutua, Mombasa wamekugeuza msichana?" mmoja akamwuliza.

"Bado, shemeji. Kwanza nifundishe kufunga huu mukwa."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tukachimba, tukangoja maji yajae kwenye shimo, na maji ya mchangani hayana haraka. Hapo akanipa kipande cha chokoleti. Kilikuwa kichungu, lakini nilikila chote. Akaniuliza naumwa wapi hasa. Mimi nisiyejua kusema, nikasema. Nikamwambia nilivyoanguka kilimani nikiwa na mzigo, nikalala pale hadi nikapata nguvu.

Kupanda kilima alipumzika mara nyingi kuliko mimi. Na kabla ya kurudi Mombasa alinipeleka hospitali, nikaambiwa damu yangu imepungua mno, na akaniachia punda.

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mpaka uubebe wewe. Vijana wa sasa mnaniambia chokoleti chungu na divai nyekundu ni afya ya wapendanao. Chokoleti sina ugomvi nayo, leta kidogo mle pamoja. Divai siwezi kuisifu, nimeona nyumba nyingi zikivunjwa na chupa. Ila moyo unaopiga vibaya hupelekwa kwa daktari, na mke aliyechoka huulizwa amechokea wapi. Uliza kwanza. Halafu inama ubebe.

Mungu awape nyumba zenye maji karibu na maneno mengi ya upole. Na wewe uliyesoma hadi hapa, niandikie uniambie kwenu mume hubeba nini. Nitakujibu, ingawa nitachelewa.