Kupaa Mbele ya Wavuvi Walio Likizo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujifunza mchezo wa majini katika ua wa nyumba ya kupanga, Nyahanga, mahali ambapo maji yenyewe tunayasubiri bombani na ndoo mkononi. Nililaza mtungi mtupu wa gesi chini, nikaweka kipande cha mbao juu yake, nikapanda, na kwa miezi kadhaa kila jioni nikawa nayumba pale kama mtu anayepimwa ulevi. Nilikunja magoti, nikashusha makalio, nikagawa uzito sawasawa kwenye miguu yote miwili. Wapangaji wenzangu walinikwepa wakipita na masufuria yao. Niliwadharau. Niliamini kwamba siku nitakayogusa ziwa nitakuwa nimeshamaliza kuanguka.

Ndivyo nilivyo. Siwezi kuvumilia kuonekana nikikosea. Darasani sikunyoosha kidole mpaka niwe na hakika na jibu, na nilipopata hakika mwalimu alikuwa ameshafuta ubao. Hata kazi inayonilisha, ya kutengeneza mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nilijifunza mwenyewe huko Segese kwa kufungua mota zilizokufa, chumbani, mlango umefungwa.

Chombo chenyewe cha mchezo huo nilikipata kwa mkandarasi mmoja wa kigeni niliyekuwa namtengenezea jenereta. Mkataba wake ulipokwisha aligawa vitu vyake. Wajanja walichukua friji na magodoro. Mimi nikaondoka na kitu ambacho hakuna aliyekitaka: ubao mpana wenye tanga, na chini yake mguu mrefu wa alumini unaoishia kwenye bawa, kama bawa la ndege ndogo. Ubao ukipata mwendo, bawa linauinua wote juu ya maji, nawe unabaki umesimama hewani huku ziwa likipita chini yako. Uzuri wake, kwa maneno ya vijana wa kwenye video, ni kwamba hauhitaji upepo mkali. Upepo wa kutikisa majani tu unatosha. Waliyasema hayo wakitabasamu, vifua vimepakwa mafuta, kwenye ghuba isiyo na hata mtumbwi mmoja. Nilimaliza bando ngapi kuwatazama, sijui. Hakuna hata mmoja niliyemwona akianguka, na mimi, bingwa wa kuchunguza, sikujiuliza kwa nini.

Ziwa nililokuwa nalo ni la Nkome, kwa sababu mama yangu mdogo anafanya biashara ya dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Ubao ulisafiri juu ya lori la mchele mpaka Geita, ukamalizia safari kwenye bodaboda ya mizigo. Njiani kila aliyeuona aliuliza kama ni kitanda cha hospitali.

Nilikwenda wakati wa mbalamwezi, na kwa sababu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani na mwalo mzima hupumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo stoo ya mama mdogo huwa nusu tupu. Alinikubalia niweke ubao humo, lakini alisema neno lake mlangoni, funguo mkononi.

“Mbalamwezi hii tu. Giza likirudi nataka stoo yangu, na hilo dude lisiwepo.”

Nilimwambia mbalamwezi moja inanitosha kabisa, nimeshafanya mazoezi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Ukweli ni kwamba sikuwa na pengine pa kuupeleka. Mwenye nyumba wangu alikuwa ameshaukataa, na fundi mmoja wa Segese alikuwa anausubiri alikate lile bawa ayeyushe alumini atengenezee masufuria. Nisipopaa mbalamwezi hiyo, habari ya ubao ingeishia jikoni kwa watu.

Kitu ambacho akili yangu kubwa haikukipigia hesabu ni kwamba mwalo ukipumzika, wavuvi nao wanapumzika. Wanaume ambao siku nyingine wangekuwa wamelala mchana walikuwa wamekaa kwenye kingo za mitumbwi, wanashona nyavu bila haraka, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, wanatafuta cha kutazama. Mimi ndiye niliyewaletea.

Nilipoona jeshi lile nikabadilisha mpango. Nikaamua kuingia majini alfajiri, kabla hawajaamka. Video hazikuniambia kwamba alfajiri upepo wa Nkome hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwamba jua likipanda kidogo hukatika. Nilisukumwa polepole mpaka mbali, kwa adabu, kama mgeni anayesindikizwa. Kila nilipoinua tanga nilianguka kinyumenyume. Kisha upepo ukafa kabisa, nikabaki nimekalia ubao, jaketi la kuokolea limenipanda masikioni, nikitazama mabati ya Nkome yanavyozidi kuwa madogo. Walionivuta ni jamaa wawili waliokuwa wanatoka kukagua nyavu za sangara. Yule mkubwa, mtu wa umri wa baba yangu, alinitupia kamba na kusema, “Shikamoo, rubani.”

Nilijifanya nashughulika na kamba.

Jina lilifika ufukweni kabla yangu. Mama mdogo naye alishasikia. Hakunipigia kelele. Aliendelea kugeuza ugali, akasema bila kunitazama kwamba kuanzia siku hiyo nitaingia ziwani mchana, watu wakiniona, au nisiingie kabisa.

“Watanicheka, mama mdogo.”

“Wakucheke. Ng’wanawane, mwanangu, mtu anayechekwa anaonekana. Ukizama alfajiri, dada yangu nitamwambia nini? Kwamba mwanaye alikuwa anaona aibu?”

Basi nikaingia mchana. Upepo wa mchana hutoka ziwani, kwa hiyo angalau unakurudisha nyumbani, lakini zile siku ulikuwa mwembamba, unakunja maji kidogo tu kama shuka iliyolaliwa. Wavuvi waliacha drafti. Kila mmoja akawa mwalimu. Mmoja alitaka nipige kasia. Mwingine alisema tanga ni dogo, mwingine kwamba ni kubwa, wa nne akashauri nifunge injini. Niliwadharau wote kwa pamoja na mmoja mmoja. Hawa, nilijiambia, hawajawahi hata kusikia habari ya bawa la chini ya maji. Nikawa nasimama kwa mkao wangu wa Nyahanga, mkamilifu, napampu tanga, kulivuta na kuliachia harakaharaka, kama video zilivyoagiza, na ubao unainua pua juu, unakokota mkia majini, unagoma. Halafu naanguka. Halafu napanda. Walipochoka kushauri wakaanza kuhesabu kwa sauti, nikaacha kuwasikiliza ili nisijue wamefika wapi.

Siku zikaenda hivyo. Mwezi ukaanza kuchelewa kutoka. Mchana mmoja, tukiwa tunakula, simu ya mama mdogo iliita mlio wa ujumbe. Alitazama, akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akanipa nione. Mtu alikuwa amenirekodi na kunitupia kwenye kundi la simu la watu wa mwaloni. Nilionekana kwa mbali, nimeshikilia tanga, nimechuchumaa. Sauti ya aliyerekodi ilikuwa tulivu kabisa, kama ya mtangazaji: “Huyu hapai. Huyu anajisaidia.”

Nilitoka nje. Nilipanga kumpigia fundi wa masufuria jioni ile ile. Lakini kabla ya hapo nikaomba tena simu, nikamwambia mama mdogo nataka kumjua mshenzi aliyerekodi. Nikaitazama video mara nyingi nikitafuta kidole au kivuli cha mtu, na kila nilipoitazama nilimwona mtu mmoja tu, mimi, na makalio yangu. Yalikuwa nyuma mno. Magoti yamekunjwa vizuri, uzito umegawanywa sawasawa, mgongo umeinama, kila kitu kama nilivyojifundisha juu ya mtungi wa gesi. Mtungi unabingirika kulia na kushoto, unataka mtu achuchumae. Bawa halibingiriki. Linataka mtu asimame wima, asogeze kiuno mbele, asukume chini sehemu ya mbele ya ubao mara tu unapotaka kuinuka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkia kama mzigo wa mihogo. Miezi yote ile sikuwa nimejifunza nusu nusu. Nilikuwa nimejifunza kikamilifu kitu kisichohitajika, kwa sababu pale uani hakukuwa na mtu wa kunicheka kwa usahihi.

Kesho yake watu walikuwa wanachaji betri za taa na kushusha mitumbwi. Jioni wangeingia kazini. Mama mdogo alikuwa ameshafagia stoo na kuutoa ubao nje, ukutani. Upepo ulikuwa hafifu, wa kuaibisha. Nikasukuma ubao mpaka maji ya kifuani, nikapanda, nikasimama wima kwa woga, kifua mbele, nikihisi kama mtu anayejipendekeza. Nikapampu tanga. Ubao ukaanza kutembea. Nikapampu tena, na sauti ya maji chini yangu ikakatika.

Sikuwa tayari kwa ule ukimya. Ubao ulikuwa juu, mimi nilikuwa juu, na ziwa lilikuwa linapita chini bila kugusa kitu zaidi ya ule mguu wa alumini. Ilidumu muda wa watu wawili kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Kisha nikashangaa, nikatazama miguu yangu, nikaanguka kifudifudi.

Nilipoibuka sikusikia makofi. Wengi walikuwa wameinamia betri zao. Mmoja alisema, kumbe linaruka kweli. Na ile sauti tulivu, niliyoifahamu sasa vizuri sana, ikaita kutoka kwenye mtumbwi: “Rubani, rudia. Simu nilikuwa sijaiwasha.”

Nilirudia. Simu ikiwa imewashwa nilianguka, nikaanguka, nikaanguka, na kila kitu kikarekodiwa.

Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya stoo, mikono kiunoni, wateja wake wakimsubiri. Aliniuliza kama ile ya mwanzo ndiyo yenyewe, ile ninayoihangaikia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama inakuwaga fupi hivyo. Nikasema kwa anayeanza, ndiyo. Akatazama ubao, akageuka akatazama mbao zinazobeba paa la stoo.

“Lipandishe juu kwenye kenchi. Huko dagaa hawafiki. Lakini ukija mbalamwezi nyingine uje na mchele.”

Tangu wakati huo nimekwenda Nkome karibu kila mbalamwezi ninayopata ruhusa kazini. Siku hizi napaa mbali kuliko mwanzo kama upepo upo, na bado naanguka mara nyingi kuliko ninavyopaa. Naingia majini mchana tu, na kabla sijaingia naomba mtu anirekodi.