Nilikalia Nafasi ya Nairobi Mpaka Ikaoza

Nilikosa, tena kwa makusudi. Msinitafutie udhuru kwamba nilikuwa kijana. Kijana nilikuwa, ndiyo, lakini kusoma tarehe ya mwisho kwenye barua nilijua!

Miaka ile kabla ya Uhuru, kijana wa Mwanza aliyetaka kusomea uhandisi hakuwa na njia nyingi. Mimi nilipata mbili kwa mpigo: barua ya chuo cha Nairobi na barua ya chuo cha Uingereza. Nyumbani Pasiansi mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani naoa. Baba, fundi cherehani, alizishika barua zile kwa ncha za vidole asije akazichafua.

Karani wa ofisi ya elimu alinieleza wazi. "Ya Nairobi ni moja tu kwa jimbo zima. Ukiikataa kabla ya mwisho wa mwezi, anaingia anayekufuata. Ukinyamaza, imepotea."

Anayenifuata alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, niliyekaa naye dawati moja miaka sita. Nitamwita Masanja, ingawa si jina lake. Mtoto wa wakulima wa pamba wa Kisesa. Kwa hesabu alinizidi, nami nilimzidi Kiingereza tu. Hilo nalijua leo na nililijua siku ile.

Basi, moyoni nilishachagua Uingereza. Kwa nini? Kwa sababu ya koti! Nilitaka kurudi na koti zito na kuambiwa nimetoka Ulaya. Nairobi niliiona karibu mno, unapanda meli hadi Kisumu, unaingia treni, likizo unarudi na vumbi lako. Huo ndio uzito wa fikra zangu.

Lakini barua ya kuikataa Nairobi sikuiandika. Uingereza walitaka nipimwe kifua kwanza, nami nikaogopa: je, nikikutwa na kasoro? Nikaiweka Nairobi akiba, kama mchoyo anayeficha mboga chini ya kitanda.

Kila Jumamosi Masanja alikuja kwa baiskeli toka Kisesa, na michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa na mama yake kwenye mfuko. "Umeshaamua, ndugu yangu?" Nami, huku natafuna viazi vyao: "Bado nafikiri. Jambo kubwa hili." Eti nafikiri! Nilikuwa nafurahia kuombwa. Nikikumbuka nilivyotafuna vile, natamani kutapika.

Baba aliniuliza mara mbili, "Yule kijana umeshamwachia nafasi yake?" Nikamjibu ndiyo. Baba yangu mzazi, nikamdanganya machoni!

Majibu ya kifua yalitoka safi, lakini mwezi ulikuwa umekwisha siku mbili kabla. Masanja akaja Jumamosi ile kama kawaida yake. Ningeweza kumwambia nimechelewa, nisamehe. Angenitukana, yangeisha. Badala yake nikasema, "Nilikataa mapema, kwa ajili yako. Wamekupima kwa karatasi zako, wakaona hufai."

"Walisema hivyo? Hata kwa hesabu?"

"Walisema akili yako si ya uhandisi."

Alikung'uta mfuko wa michembe, akaukunja. Halafu akanishukuru kwa kuhangaika. Akanishukuru, jamani!

Nikaenda Uingereza. Huko nilifundishwa hata kukadiria uzito wa theluji juu ya paa, elimu nzuri sana kwa mtu wa Usukuma. Nikarudi na shahada na lile koti, ambalo hapa Mwanza halivaliki. Miaka kadhaa baada ya Uhuru, serikali yetu ikanipa kazi ya kujenga daraja dogo upande wa Magu. Nafika kazini, nani mnyapara? Masanja. Kumbe hakuomba chuo kingine popote. Alianza na kubeba mawe, akapanda mpaka hapo.

Alinilaki kwa mikono miwili na kuniita Bwana Mhandisi mbele ya watu wake. Wiki iliyopita, zege likiwa karibu kumwagwa, akanivuta pembeni na ramani zangu.

"Samahani. Hii ya nguzo ya upande huu inasema kimo futi kumi na moja, hii ya upande wa pili inasema kumi. Njia si itakaa upande? Labda sielewi mimi, maana walishasema akili yangu si ya kazi hii."

Alielewa vizuri sana. Kosa lilikuwa langu, na daraja lingesimama limepinda. Mnajua nilifanya nini? Nikacheka kwa sauti, vibarua wote wasikie: "Nilikuwa nakujaribu, nione kama uko macho!" Wakacheka. Naye akacheka, akawaambia wenzake, "Mnaona msomi?" Nikasahihisha, nikatia saini yangu. Ptuu! Ningeweza kujitemea mate usoni ningejitemea.

Jioni ileile akaniambia habari za bintiye. Amemaliza darasa la nne, mwalimu anamsifu kwa hesabu na anataka aendelee na la tano. Masanja hataki. "Ana kichwa changu, huyo. Akapimwe, aambiwe hafai, alie? Bora akae na mama yake."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Wewe ndiye baba, unajua."

Sasa nyinyi vijana wenye barua mbili mfukoni, za vyuo vya hapa au vya ng'ambo, sikilizeni: chagueni moja, nyingine irudisheni leo hii, si kesho. Kuna mtu anaisubiri. Na mkishachelewa, semeni mmechelewa! Msimbandike mwenzenu ujinga ili nyinyi mbaki wasafi, kwa sababu ataubeba, na wanawe watabebeshwa.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kisesa kwake si mbali, ningeshafika. Lakini nimekaa hapa nawaandikia nyinyi nisiowajua, na Masanja bado hajui kitu.