Gome la Mwiritsa na Kidonda Nilichokifunga

Nakumbuka nilivyofika Kabras baada ya siku tatu za njiani kutoka Kitui: basi hadi Nairobi, lori la viazi hadi Eldoret, jingine hadi Webuye, kisha miguu yangu mwenyewe. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu, mwanangu, na kazi niliyopata ilikuwa kukata miwa.

Mwezi wa pili nilikanyaga kisiki cha muwa, kikanitoboa unyayo. Kidonda kikatunga usaha. Mama mwenye nyumba niliyopanga, tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya, alinichemshia gome la mwiritsa, mti wa msituni.

“Unaoshanga asubuhi na jioni,” alisema. “Unaacha wazi. Siku ya nne kama bado, unaenda hospitali.”

Siku ya pili maumivu yalipungua. Lakini mkataji aliyekosa siku tatu, mstari wake wa miwa ulipewa mwingine. Nikasaga gome lenyewe, nikalishindilia kidondani, nikafunga kwa kitambaa na kuvaa buti. Niliona dawa nyingi itashinda dawa kidogo. Juu pakakauka vizuri sana.

Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Kukhu alifungua kitambaa, akanusa.

“Nani alikuambia ufunge?”

“Nilitaka kipone haraka, Kukhu.”

“Umeufungia ugonjwa ndani, na ukaupikia chai. Mimi sasa siwezi. Mzee wangu atakupeleka hospitali na baiskeli. Na umwambie daktari uliweka gome gani. Usifiche.”

Mguu ulibaki. Vidole viwili havikubaki.

Silaumu gome, mwanangu. Kukhu alijua linachoweza na mahali linapoishia. Mimi nilijua nusu ya kwanza tu. Anayekupa dawa ya miti muulize pia siku ya kuiacha. Siku hiyo ikifika, nenda hospitali, na ueleze ulichotumia hata kama unaona aibu.

Siku niliyoondoka Kabras, nisirudi tena, nilimwomba Kukhu kipande cha gome cha safarini. Alicheka mpaka akashika mlango.

“Wewe? Wewe nitakupa ndizi.”

Akanifungia ndizi mbivu kwenye gazeti, akaniombea Mungu anitembeze salama. Nawe akutembeze salama, mwanangu, na akupe mtu wa kukukemea mapema.