Mwiko Uliomwita Baba

Juzi binti yangu, aliyemkumbuka kaka yake aliye safarini, aliangusha mwiko makusudi akidhani simwoni. Nilisikia tena harufu ya maganda ya kahawa yakichachuka nje ya jiko la mama, kule kijijini kwetu Ruanda.

Baba alikuwa ameondoka na lori la wanunuzi binafsi wa kahawa, wageni kwetu msimu ule, akapakie magunia Kitai. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha bila habari zake. Bibi alizoea kusema mwiko ukianguka, mgeni yuko njiani. Basi mchana ule mama alipoinama kuchochea moto, niliusukuma mwiko ukaanguka.

"Mama, umeanguka wenyewe!"

Aliniangalia, akauokota, akauosha. "Haya, atakuta chakula."

Tulikuwa bado tunanawa baba alipokohoa uani. Nilimpa shikamoo huku nikiziogopa nguvu zangu.

Miaka mingi niliificha siri hiyo. Sikujiuliza kwa nini, wiki zile zote, hatukukosa kiporo cha kumtosha mtu mmoja hata asubuhi moja.

Juzi, binti yangu alipouangusha mwiko, unga wa fungu la kaka yake nilikuwa nimeshautia sufuriani.