Waya Niliokagua kwa Picha

Mdogo wangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh. Mimi nilikuwa Jeddah, fundi wa umeme katika nyumba za bosi wangu mtaa wa Al-Rawdah. Kuonana kwetu kulikuwa kwa simu tu.

Kazini sikuwa mtu wa mzaha. Kila ekstensheni niliipitisha mikononi kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta palipochubuka. Niliinusa plagi, nikaigeuza, kisha nikaiacha itumike saa nzima ndipo niiguse kuona kama imepata joto. Iliyofichwa chini ya zulia niliitoa bila kumuuliza mtu.

Baridi ilipoingia Riyadh, mdogo wangu alinipigia mchana mmoja.

"Kaka, ekstensheni ya chumbani kwangu inanuka plastiki nikiwasha hita."

"Nitumie picha."

Nilikuwa juu ya ngazi, bosi ananihimiza yalla, yalla, nifanye haraka. Picha ikaingia. Niliona ekstensheni nyeupe, safi, soketi zake nzima.

"Iko sawa," nikamjibu. "Usichomeke tu pasi na hita pamoja."

"Sawa kaka." Hakuuliza tena. Nyumbani kwetu neno langu kuhusu umeme lilikuwa la mwisho.

Wiki iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, nilipigiwa na dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzetu. Aliniomba nikae chini kwanza. Mdogo wangu alikuwa amejilaza kidogo baada ya kuosha vyombo, hita ikiwaka. Moto haukumfikia. Moshi ndio uliomuua.

Nilisafiri kwa basi siku nzima. Dereva alinipeleka kwenye kile chumba, nikaikuta ekstensheni bado iko sakafuni. Upande wa juu ulikuwa mweupe vilevile kama kwenye picha. Nikaigeuza. Upande wa chini ulikuwa umeyeyuka hadi kutoboka, na pembeni mwa shimo palikuwa na alama za kahawia za zamani, za kuungua kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sikuwa nimemwambia aigeuze. Jambo ambalo nalifanya kila siku kwa nyumba za watu.

Madam, mwajiri wake, alikuwa amesimama mlangoni akilia. Akasema kwa Kiarabu, polepole ili nielewe, "Aliniambia inanuka. Nikamwambia mafi mushkila."

Hakuna shida. Nilikuja na hasira yangu tayari kwa ajili yake, lakini jibu lake na langu lilikuwa moja. Nikainamisha kichwa nikatoka.

Mama alinipigia kesho yake. Alikuwa ameshalia mpaka sauti imekauka.

"Hakukuambia wewe?" akaniuliza. "Si wewe ndiye fundi?"

"Aliniambia, mama."

Akasema nimlete mtoto wake nyumbani tumzike. Hakunilaumu siku ile wala tulipomzika, lakini tangu hapo tunasalimiana, ananiuliza kama nimekula, na habari za kazi hajaniuliza tena.