Kidole Gumba na Jicho la Nguruwe

Mnisamehe mwandiko na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kuandika kwangu ni polepole. Ukurasa huu umenila Jumapili mbili.

Mwaka 2015 nilikuwa Marekani, mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont, nikikata nyama kiwandani. Mama aliishi Columbus, karibu na maduka ya Kiafrika ya barabara ya Morse. Nikienda kumwona tulinunua nyama ya mbuzi, naye hakukubali kipande mpaka nikibonyeze kwa kidole gumba. "Mkono wa huyu haudanganyi," alimwambia muuzaji. Mimi si msemaji. Sifa yangu ilikuwa hiyo moja.

Kisha mdogo wangu wa kike, aliyekuwa chuo kikuu huko Buffalo, akatualika kuona kazi yake. Alipima ugumu wa macho ya nguruwe kwa hadubini ya mwanga. Alieleza kwamba mwanga ukiingia jichoni, sehemu ndogo hurudi na rangi iliyobadilika kidogo mno, na badiliko hilo huonyesha palipo pagumu na palipo laini.

"Bila kugusa?" mama akauliza.

"Bila kugusa, mama. Ukigusa umeharibu."

Mama akanigeukia. "Umesikia, baba? Kidole chako kimestaafu."

Tukacheka wote, ila mimi nilikuwa naungua. Mdogo wangu alipompeleka mama kunawa mikono, nilibaki na jicho moja kwenye sahani, lile ambalo lilikuwa bado kupimwa. Nikalibonyeza katikati, kama nyama ya mbuzi.

Vipimo vilipotoka, katikati palikuwa na kasoro. Mwalimu wake akaja, akauliza kilichotokea. Mdogo wangu akasema huenda alilichelewesha nje ya maji ya kuhifadhia. "Kosa ni langu," akamwambia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Njia nzima ya kurudi Columbus mama alimsifu binti yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilijipoza kwa kukumbuka ile kasoro.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Alisema hadi leo wenzake humcheka jinsi anavyokimbiza macho kutoka majini hadi kwenye hadubini, kwa sababu ya jicho lile. Nikafungua mdomo, nikamuuliza hali ya hewa.

Ninyi mliowahi kuwaonea wivu wadogo zenu, niandikieni. Mlipokiri, neno la kwanza mlisemaje?