Mguu Usiouma

Ninyi wajukuu na vijana wenzenu mtakaosoma haya, mguu usiouma si mguu mzima. Babu yenu alimaliza dawa za ukoma, akaambiwa kapona. Lakini nyayo zake zilishakufa ganzi, na ganzi haikuondoka.

Siku moja alirudi nyumbani kutoka Ruhembe kwenye vibarua vya kukata miwa, kavaa katambuga za matairi alizozigongea misumari mwenyewe. Akakaa mkekani. Mimi bibi yenu nikaona damu.

"Mzee, hebu inua mguu."

"Niache, mama. Wewe ndiye unayelia magoti kila siku, mimi siumwi popote."

Nikaivuta ile katambuga, ikagoma. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukazama kwenye unyayo, naye kaukanyaga kutwa nzima. Akautazama kama mguu wa jirani.

Kidonda kilichimba mpaka mfupa. Hospitali wakamkata nusu ya mguu.

Aliporudi nyumbani amebakiwa na mmoja mzima, niliwaita ninyi wajukuu wote uani. Nikasema: "Kuanzia leo, kila jioni mmoja wenu atauosha unyayo wa babu, auguse, autazame vizuri. Kabla ya hapo, hakuna atakayekula humu ndani."